Methanoli: Spiriti Inayopofusha na Kuua

Methanoli ni spiriti ya viwandani. Haina rangi, hushika moto upesi, na harufu yake yakaribia ile ya pombe kali. Zamani ilipatikana kwa kuchoma kuni pasipo hewa; siku hizi hutengenezwa hasa kutokana na gesi asilia. Huyeyusha rangi na vanishi, na ni mojawapo ya malighafi za gundi ya kuunganishia mbao. Fundi anayeitumia avae glavu na afungue madirisha, kwa kuwa hupenya ngozi na mvuke wake hudhuru.

Msiba huja inapotiwa kwenye kinywaji. Novemba 2000, pombe haramu iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005 ikawa zamu ya Machakos, na Mei 2014 watu wakafa Embu, Kiambu na kwingineko.

Wengi hudhani chang'aa hugeuka sumu kwa kupikwa vibaya. Mimi sikubaliani nao. Nafaka au sukari iliyochachushwa hutoa methanoli kidogo mno, isiyoweza kuua umati. Inayoua kijiji hutoka kwenye pipa la kiwandani, na kuna mtu aliyeimimina ili kinywaji kiwe kikali na faida iongezeke. Ulimi hauwezi kuitambua. Kuwasha kiberiti pia hakusaidii, maana pombe ya kawaida na methanoli zote huwaka.

Jambo la kushangaza ni kwamba methanoli yenyewe hulevya tu. Ini ndilo huigeuza, polepole, kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu neva ya jicho na kuchafua damu. Kazi hiyo huchukua saa 12 hadi 24, au zaidi ikiwa mtu alikunywa pamoja na pombe ya kawaida. Kwa hiyo mnywaji hulala vizuri, akaamka na kichwa kizito kama mlevi yeyote. Baadaye tumbo humsokota, hutapika, huhema kwa kasi, na macho huona kama yamo ndani ya ukungu mweupe. Mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, zaweza kupofusha. 30 zaweza kuua.

Kuchelewa huko ndiko kunakotupa nafasi ya kumwokoa mgonjwa. Hospitalini hupewa dawa ya kulizuia ini lisiigeuze methanoli, iitwayo fomepizoli. Ikikosekana, hupewa ethanoli, yaani pombe yenyewe, kwa kipimo. Ini hupendelea ethanoli, na likishughulika nayo huiacha methanoli itoke bila kugeuzwa. Aliyezidiwa husafishwa damu kwa mashine. Msijaribu tiba hiyo nyumbani: kipimo hamkijui, na huenda chupa ya pili ina sumu ile ile. Maziwa hayasaidii, wala msimtapishe.

Mmoja akianza kuona ukungu, wapelekeni hospitali wote waliokunywa naye, hata wanaosema ni wazima. Beba chupa au mtungi uliobaki. Wengine huficha walichokunywa kwa kuogopa askari, na saa zikapotea bure. Mwambie daktari ukweli: walikunywa nini, kiasi gani, na saa ngapi.