CHAKULA CHA MBWA NI AFYA YA NYUMBA NZIMA



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo familia nyingi hulidharau, nalo ni chakula tunachompa mbwa. Huku kwetu Amani, mwenye shamba karibu na msitu anamhitaji mbwa, kwa sababu tumbili huja mchana na nguruwe mwitu huja usiku. Kitabu cha Tobiti nacho kinamtaja mbwa aliyefuatana na kijana Tobia safarini. Basi mbwa ni msaidizi wetu. Lakini msaidizi huyu aweza kuleta ugonjwa nyumbani bila kumwuma mtu, kutokana na kile tulichomlisha sisi wenyewe.

Mapafu na maini mabichi

Ikifika Noeli, Pasaka au arusi, tunachinja mbuzi au ng'ombe. Anayepasua nyama akikuta katika ini au pafu kifuko kilichojaa maji, hukata kipande hicho na kumtupia mbwa. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Ndani ya kifuko hicho mna vichwa vidogo sana vya mnyoo aina ya tegu. Mbwa akivila vikiwa vibichi, hukua katika utumbo wake kwa muda wa wiki sita au saba, na kuwa tegu wadogo wasiozidi milimita 7. Mbwa haonekani kuumwa. Anakula, anabweka na kulinda kama kawaida. Lakini kinyesi chake hutoa mayai yasiyoonekana kwa macho, ambayo huganda kwenye manyoya yake, udongo, mboga za bustanini na maji ya kisima kisichofunikwa.

Mtoto akicheza na mbwa kisha akala bila kunawa, humeza mayai hayo. Tegu hutoka katika yai, hupita katika damu, na kujenga kifuko cha maji katika ini, pafu, na mara nyingine ubongo. Ugonjwa huu huitwa hidatidi. Kumbukeni: mtu haupati kwa kula nyama yenye kifuko. Huupata kwa kumeza mayai yanayotoka kwa mbwa.

Kifuko hukua polepole, hata miaka mingi bila maumivu. Baadaye mgonjwa huona uvimbe au uzito chini ya mbavu upande wa kulia, au hukohoa na kubanwa kifua. Mwenye uvimbe wa namna hiyo asikandwe tumbo wala kutobolewa kwa mganga. Kifuko kikipasuka ndani, mgonjwa aweza kuzimia na hata kufa. Aje hospitali apigwe picha ya ultrasaundi. Iko dawa ya albendazoli, na wengine hupasuliwa, lakini matibabu ni ya muda mrefu na ya gharama.

Walioshinda na walivyoshinda

Ugonjwa huu si wa mbali. Umeonekana kwa ndugu zetu Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania. Kule Turkana, Kenya, ulikuwa mkubwa kuliko karibu mahali pote duniani, na tangu miaka ya 1980 shirika la AMREF lilipambana nao kwa kuwatibu mbwa, kuwapima watu na kuwafundisha wananchi.

Mfano mwingine ni wa Aislandi, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Ulaya. Huko watu wengi waliugua katika karne ya 19. Mtaalamu kutoka Denmark, Harald Krabbe, aliandika kijitabu kilichogawiwa kwa wananchi mwaka 1864, na mwaka 1869 ikatungwa sheria juu ya mbwa na uharibifu wa viungo vyenye vifuko. Baada ya miaka mingi ugonjwa ukatoweka. Hawakuwa na dawa za leo. Walibadili desturi ya kumlisha mbwa.

Bakteria na kuvu

Nyama mbichi, matumbo na vichwa vya samaki vilivyochacha huwa na bakteria kama salmonela. Mbwa aweza kuwabeba bila kuharisha, kisha wakamfikia mtoto kwa njia ya bakuli, ulimi au kinyesi. Hata chakula kikavu cha dukani si salama daima: mwaka 2012, watu kule Marekani na Kanada waliugua salmonela iliyotokana na chakula kikavu cha mbwa. Hivyo, baada ya kushika chakula cha mbwa cha aina yoyote, nawa kwa sabuni.

Tena, huku kwetu mvua ni nyingi na mahindi hukauka kwa shida. Yakiota kuvu, wengine husema, "Haya ni ya mbwa." La hasha! Sumukuvu huharibu ini la mbwa kama la mtu, na haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki mikoani Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi na pumba zenye kuvu zisiliwe na mtu, kuku wala mbwa.

Tufanye nini?

1. Usimpe mbwa mapafu, maini wala matumbo mabichi. Yakate vipande, uyachemshe kwa dakika 30 tangu maji yanapochemka.

2. Viungo vyenye vifuko vichomwe, au vifukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Mbwa wasikaribie machinjio.

3. Mnyama aliyekufa mwenyewe asipasuliwe kwa ajili ya mbwa, kwani aweza kuwa na kimeta. Mwite bwana mifugo.

4. Mbwa awe na chombo chake. Jirani zetu Waislamu hukiosha mara saba chombo alichoramba mbwa. Nasi tusimwachie sufuria ya familia airambe.

5. Mwombe bwana mifugo dawa ya prazikwanteli. Si kila dawa ya minyoo inamwua tegu huyu.

6. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza na mbwa na kabla ya kula. Mboga zioshwe vizuri, kisima kifunikwe, na bustani izungushiwe uzio.

Akina baba, ninyi ndio mnaochinja. Akina mama, ninyi ndio wenye sufuria. Kabla ya sikukuu ijayo, kubalianeni nani atachemsha chakula cha mbwa na nani atachimba shimo. Kuni za nusu saa ni nafuu kuliko kumpeleka mtoto kupasuliwa ini.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mungu awabariki.