KUKU AKIZUBAA: WAJIBU WA MFUGAJI WA NYUMBANI



Kisiwa cha Bumbire kimezungukwa na maji ya Ziwa Victoria, mkabala na pwani ya Wilaya ya Muleba. Mtu aweza kudhani ya kwamba kuku wa mahali kama hapo wamekingwa na maji, na kwamba maradhi ya ng'ambo hayawezi kuwafikia. Sivyo. Kuku mmoja mgonjwa, akinunuliwa bara na kupakiwa mtumbwini ndani ya tenga, atosha kuleta msiba katika kijiji kizima. Kwa sababu hiyo somo letu lahusu jambo linaloonekana dogo: afanye nini mwenye nyumba aonapo asubuhi kuku wake mmoja amezubaa?

Wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama humchinja upesi kabla hajafa kibudu, ama humwuza upesi kabla ugonjwa wake haujajulikana. Haraka zote mbili zina madhara, nasi tutaeleza sababu. Lakini kwanza tuieleze njia iliyo bora.

1. KUMTENGA

Umwonapo kuku amejikunyata, manyoya yamemsimama, macho ameyafumba, wala hawafuati wenzake wanapokwenda kuparura chini ya migomba, mtoe kundini saa hiyo hiyo. Kuku kwa maumbile yake huficha udhaifu, kwani mnyonge hudonolewa na wenzake. Basi siku unapouona ugonjwa, yamkini ulikwisha kuanza zamani.

Mtie katika tenga lenye nyasi kavu, mahali penye joto, pasipofikiwa na mvua wala upepo wa ziwani, mbali na wengine. Hudumia wazima kwanza na mgonjwa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni. Chombo chake cha maji wasikinywee wengine.

2. KUMCHUNGUZA

Mshike kwa upole umtazame mwili wote. Papasa mfupa wa kidari. Ukiwa umechongoka kama makali ya kisu, kuku huyo amekonda kwa siku nyingi, na yafaa kushuku minyoo. Fungua manyoya chini ya mbawa na karibu na mkia, maana humo hujificha chawa na utitiri. Utitiri hunyonya damu hata upanga wa kuku ukapauka.

Vigaga vilivyoota juu ya upanga na ndevu ni dalili ya ndui, ambayo huenezwa na mbu. Uso uliovimba pamoja na makamasi yenye harufu mbaya ni dalili ya mafua ya kuku. Kinyesi chenye damu, hasa kwa vifaranga, huashiria ugonjwa wa kuhara damu, unaostawi penye matandiko machafu yenye unyevu. Bonyeza pia kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, asubuhi kabla hajala. Kwa kuku mzima kifuko hicho huwa kitupu wakati huo. Kikiwa kigumu, chakula kimekwama.

3. KUMWUGUZA

Mgonjwa huhitaji maji kabla ya chakula. Mwekee maji safi karibu na kichwa. Ukilazimika kumnywesha, mdondoshee tone moja moja kando ya mdomo ili ameze mwenyewe. Usimmiminie kooni, kwa kuwa tundu la pumzi la kuku liko nyuma ya ulimi, na maji yakiingia humo yaweza kumwua kabla ya ugonjwa wenyewe. Kisha mpe chakula laini kidogo kidogo, kama uji mzito uliopoa, uliotiwa unga wa dagaa.

Minyoo, mafua na kuhara damu vina dawa zake, lakini dawa hizo ziulizwe kwa afisa mifugo. Usikisie kwa kumpa vidonge vya binadamu. Uliza pia ni siku ngapi mayai na nyama yake visiliwe baada ya dawa. Ndui haina dawa ya kuiponya, walakini wengi hupona ikiwa macho yao yatasafishwa kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, wapate kukiona chakula.

4. UGONJWA USIO NA DAWA

Upo ugonjwa mmoja unaopita yote kwa kuangamiza, nao ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wataalamu waliutambua mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza. Kuku hupumua kwa taabu na kuharisha kinyesi cha kijani. Wengine hupooza mabawa na miguu, au shingo hupindika. Kundi lisilochanjwa laweza kuteketea karibu lote kwa siku chache.

Hakuna dawa ya kuutibu mdondo. Mwarobaini, pilipili na vidonge havimfukuzi mdudu wa ugonjwa huu. Kinga yake ni chanjo, itolewayo kabla ugonjwa haujaingia. Nchini Tanzania hutumika chanjo iitwayo I-2, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, na kwa hiyo yawafaa watu wa visiwani na vijijini, ingawa nayo yapasa kuwekwa mahali pa baridi na mbali na jua. Hutiwa tone moja katika jicho moja, kifaranga sawasawa na jogoo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Wachanjwe walio wazima tu. Wanakijiji na wachanje siku moja wote, kwa sababu kuku wa jirani hawajui mpaka wa kibanja.

Vifo vingi vya ghafla vipewe taarifa kwa afisa mifugo bila kukawia. Januari 2017 serikali ya Uganda ilitangaza homa kali ya mafua ya ndege katika ndege wa porini huko Lutembe, karibu na Entebbe, kando ya ziwa hili hili. Kwa macho tu haiwezekani kuitofautisha homa hiyo na mdondo.

5. HARAKA ZILE MBILI

Sasa turudi kwenye kisu na soko. Ni kweli kwamba kuku aliyechinjwa angali hai si kibudu. Lakini Kurani Tukufu imetaja vilivyo halali pamoja na vilivyo vizuri, na nyama ya mgonjwa asiyejulikana ugonjwa wake haiwezi kuitwa nzuri. Tena damu, manyoya na matumbo yake, yakitupwa uani, huburutwa na mbwa na kudonolewa na kuku wengine, na ugonjwa ukaenea. Kuku aliyekufa achomwe au azikwe katika shimo refu, asitupwe ziwani.

Na kumwuza je? Mtume Mtukufu s.a.w. alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta ndani mmelowa, akamkemea mwenye mali kwa kuficha kilicholowa badala ya kukiweka juu watu wakione. Anayemwuza kuku mgonjwa amefanya zaidi ya hayo, maana nafaka iliyolowa humdhuru mnunuzi peke yake, hali mdondo huingia katika nyumba za watu wasiohusika na biashara hiyo: mjane aliyetegemea mayai kununua chumvi, na mtoto aliyeahidiwa madaftari kwa bei ya jogoo.

Ewe msomaji, labda utasema, "Nisipomwuza nitapata hasara." Naam, utapata hasara ya kuku mmoja. Lakini mtenge, muuguze, na kila kuku mgeni mkalishe peke yake wiki tatu kabla ya kumchanganya na wako. Mgonjwa wako akipona, umeokoa mali yako. Akifa, umeiokoa mali ya jirani.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwahurumia viumbe Wake wasio na ulimi wa kujieleza, na kuwa waaminifu sokoni. Amin.