Mjane na Shemeji Yake: Somo kwa Walimu na Wazee wa Usharika

Neno la mwezi huu si geni kwa usharika wo wote. Mume amekufa, matanga yamekwisha, ukoo umekaa uani, na mjane anaambiwa ni ndugu yupi wa marehemu atakayemrithi. Au mke amekufa na kuacha mtoto mchanga, na wazee wa upande wake wanasema, "Mdogo wake yuko nyumbani, na aende akamlee mwana wa dada yake." Ndipo watu humjia mwalimu na kumwuliza: Je! Mkristo aweza kumwoa mke wa ndugu yake aliyekufa? Aweza kumwoa dada wa mkewe aliyekufa? Mwalimu mmoja hujibu upesi kwamba haiwezekani, maana ni unajisi. Mwingine hujibu kwamba yawezekana, hata Musa aliagiza hivyo. Wote wawili hufungua Biblia, na kila mmoja huonyesha mstari wake. Basi yatupasa kuisoma mistari hiyo pamoja, tena kuisoma mpaka mwisho.

Katika 3 Mose 18:16 mtu anakatazwa kumwendea mke wa ndugu yake, na 20:21 jambo hilo linaitwa uchafu. Lakini katika 5 Mose 25:5-10 ndugu anaagizwa amtwae mjane wa nduguye. Je! Musa anajipinga? La. Neno la kwanza ni amri ya jumla. La pili limewekewa masharti yake: ndugu wawe wanakaa pamoja, na yule aliyekufa awe hana mwana, tena mzaliwa wa kwanza atahesabiwa kuwa wa marehemu, ili jina lake lisifutike katika Israeli. Kwa hiyo mtu anayemtaja Musa juu ya mjane mwenye wana watatu hakusoma mstari wenyewe. Marehemu huyo jina lake halifutiki. Wanawe wanalichukua kila siku wanapoitwa.

Endeleeni kusoma, maana kuna ajabu pale. Ndugu wa marehemu aweza kukataa. Akikataa, ni mjane mwenyewe anayekwenda langoni kwa wazee kumshitaki, naye humvua kiatu mbele yao na kumtemea mate usoni. Mwanamke yule alikuwa na kinywa, na wazee walikaa kumsikiliza. Katika mila zetu mambo mara nyingi yamegeuka kinyume: ndugu wa marehemu ndiye anayetaka, na mjane ndiye asiyepewa nafasi ya kukataa.

Habari ya Onani (1 Mose 38) walimu wengi huifundisha kwa haya na kuipita haraka. Msiipite. Onani alikubali kumwingilia Tamari, lakini hakukubali kumpatia marehemu nduguye mzao, kwa kuwa alijua mtoto hatakuwa wake. Alitaka mwanamke bila wajibu. Watu wa namna hiyo tunao hata leo: huingia katika nyumba ya marehemu, huchuma kahawa yake, huuza ng'ombe wake, na ada ya shule ya watoto ikidaiwa husema, "Hao si wangu." Na yule ndugu wa karibu katika kitabu cha Ruthu (4:6) alikuwa radhi kulikomboa shamba, lakini aliposikia kwamba Ruthu yumo pamoja na shamba, alirudi nyuma akiogopa kuuharibu urithi wake mwenyewe. Boazi hakuwa ndugu wa tumbo moja na marehemu, wala hakulazimishwa. Na Ruthu naye hakugawanywa na mtu. Alikwenda mwenyewe akasema neno lake.

Wengine hutaja kukemewa kwa Herode (Marko 6:18). Lakini mume wa kwanza wa Herodia alikuwa hai. Kisa hicho ni cha kunyang'anya mke, wala hakituhusu hapa. Nao Masadukayo walipomwuliza Bwana habari za ndugu saba (Mathayo 22), hakuihukumu desturi ile, wala hakuiagiza. Aliwajibu juu ya ufufuo.

Kanisa nalo halikuwa na sauti moja katika jambo hili tangu zamani. Mtaguso wa Elvira huko Hispania, karibu na mwaka 305, ulimzuia miaka mitano Meza ya Bwana mtu aliyemwoa dada wa mkewe marehemu. Mtaguso wa Neokaisaria, karibu na mwaka 315, ulimtenga mwanamke aliyeolewa na ndugu wawili mpaka saa ya kufa kwake. Luther naye, alipoandika juu ya ndoa mwaka 1522, aliona kwamba mtu aweza kumwoa dada wa mkewe aliyekufa, maana 3 Mose 18:18 inakataza jambo hilo wakati mke angali hai. Uingereza ilikataza ndoa hiyo kwa sheria hata mwaka 1907 ilipoiruhusu. Na ndoa ya mjane na ndugu wa mumewe iliruhusiwa huko mwaka 1921. Hata Wayahudi, ambao agizo la 5 Mose 25 ni lao, mwaka 1950 baraza kuu la marabi katika Israeli liliamua kwamba ndugu asimtwae tena mjane, bali amfungue kwa ile ada ya kuvua kiatu. Haya nayataja kwa sababu moja tu: mwalimu asisimame mbele ya usharika na kuapa kwamba Wakristo wote wa nyakati zote wamekuwa na neno moja, likiwa ni lile lake.

Basi tushike nini? Mtume Paulo anasema katika 1 Wakorintho 7:39 kwamba mume akifa mke amefunguliwa. Yu huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu. Hapo shemeji hakutengwa, wala hakupewa haki kuliko wengine. Akiwa hana mke, akiwa Mkristo, na mjane akamtaka kwa moyo wake, sioni kwa nini usharika uwanong'one. Bali mjane akiwa hamtaki, hata shemeji awe mzee wa kanisa na mchungaji awepo, ile si ndoa. Wala mahari haibadilishi neno hili. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya ndoa ya kwanza walikwisha kazi yao. Hawakumnunua mtu apokezwe kutoka mkono hadi mkono kama jembe.

Na shemeji mwenye mke? Hapo hakuna la kujadili: atakuwa na wake wawili, hata jambo hilo likiitwa "kumtunza mke wa kaka." Namna za kurithi hazifanani. Kwa Waluo wa pande za Ziwa Viktoria, mjane aliyeingia katika tero huhesabiwa bado kuwa mke wa marehemu, na yule mwanamume amesimama tu mahali pake; kwa makabila mengine huwa mke wa mrithi kabisa. Kwa mke wa kwanza aliyeko jikoni, tofauti hiyo ni ndogo.

Serikali nayo imesema. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 68, yampa mjane uhuru wa kukaa apendapo, na wa kukaa bila mume au kuolewa na mwanamume amchaguaye, hata mila ikisema vingine. Sheria hiyo haimhesabu shemeji miongoni mwa jamaa waliokatazwa kuoana. Walimu waijue, maana wajane wengi hawajaisikia.

Tena iko habari ya ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walijulikana mwaka 1983 mkoani Kagera. Mume aliyekufa huenda aliificha sababu ya ugonjwa wake, na kurithi mjane kumepeleka mauti katika nyumba ya pili, na ya tatu. Wanaotaka kuoana na wapimwe wote wawili. Haifai kumdhania mjane peke yake, kana kwamba shemeji hakutembea.

Walakini tusiwahukumu wazee wetu kana kwamba walikuwa wapumbavu. Waliona mwanamke aliyebaki na watoto, shamba lisilo na mtu wa kusema kwa ajili yake, na majirani wenye tamaa. Wakasema lazima mtu asimame hapo. Shabaha hiyo ni njema. Yapaswa ukoo usimame: ulinde mipaka ya shamba, ulipe ada, uezeke nyumba ivujayo. Lakini mtu aweza kuezeka nyumba ya mke wa kaka yake kisha akarudi kulala kwake. Na usharika ukimwambia mjane akatae kurithiwa, kisha ukamwacha akafukuzwe shambani, umemdanganya. Wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6), mitume hawakutoa mahubiri tu, waliweka watu saba.

Kwa habari ya dada wa mke aliyekufa, hukumu ni ile ile. Mara nyingine mama mdogo huwapenda watoto wa dada yake kuliko mgeni awezavyo, na ndoa kama hiyo imekuwa baraka. Mara nyingine yule binti ni mwanafunzi, amepelekwa ili wazazi wake wasidaiwe mahari. Binti huyo arudishwe shuleni, na mtoto mchanga atafutiwe bibi yake.

Wako pia waliokwisha kurithiwa zamani, nao wanataka Chakula cha Bwana. Mwaka 1531, Luther alipoulizwa juu ya Mfalme Henry wa Uingereza aliyemwoa mjane wa ndugu yake, alijibu kwamba hata kama mfalme alikosa kwa kumwoa, kumwacha mke huyo ni kosa kubwa zaidi. Basi mume mmoja na mke mmoja waliotwaana kwa njia hiyo wasitenganishwe. Ndoa yao na ibarikiwe. Aliyerithiwa na mwenye mke, mwalimu asimkatie neno peke yake, bali amwite mchungaji.

Ikiwa ndoa ya mjane na shemeji italetwa kwenu, kabla ya kuitangaza mwiteni mjane peke yake. Asiulizwe uani kwa wakwe zake, wala shemeji asikae karibu akikohoa. Mzee wa kike na awepo. Mpeni majuma mawili au matatu ya kufikiri, kisha jibu lake liandikwe kitabuni. Akisema hapana, mwalimu mwenyewe na wazee wachukue jibu hilo kwa ukoo, wasimtume yeye.