Wastaafu wa Quartzsite: Mafunzo Niliyopata Jangwani

Quartzsite si mahali pa kumvutia mtu mwenye haraka. Ni kimji cha jangwani Arizona, kilomita 200 hivi magharibi ya Phoenix, pembeni mwa barabara kuu ya I-10, karibu na Mto Colorado unaoitenga Arizona na California. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 2,400 na ushei, na kiangazi, joto likivuka nyuzi 40, hata hao huwaoni nje. Lakini nenda Desemba. Utakuta jangwa limejaa magari ya kuishi ndani hadi macho yanapoishia: mabasi makubwa, trela, vibasi vilivyotiwa kitanda na jiko. Ndani yake, wazee. Wametoka Minnesota, Iowa, Montana, Saskatchewan na Ontario wakikimbia theluji, na wengi hawarudi kwao hadi Machi au Aprili.

Sisi tulikwenda likizo ya shule ya mwisho wa mwaka: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, na Mama yangu aliyehamia kwetu Phoenix kutoka Tanga. Tulikodi gari-nyumba tukaliegesha La Posa, kwenye ardhi ya serikali kuu, ambako kibali cha siku 14 kilikuwa dola 40, na cha msimu mzima, kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili, dola 180. Hakuna umeme wa kuchomeka wala bomba mlangoni. Kuna changarawe, madungusi ya miiba yaitwayo saguaro hapa na pale, na majirani ambao mdogo wao alikuwa rika la Mama.

1. Kabla hujamhurumia mzee, muulize kama ana shida

Mama alitazama dirishani siku ya kwanza akasikitika kwelikweli. "Masikini ya Mungu. Watoto wao wamewatupa huku." Kwake, mtu wa miaka 70 anayelala ndani ya gari jangwani hana maelezo mengine. Jioni akamtuma binti yangu, mkalimani wake wa kudumu, amuulize jirani wa kushoto: watoto wako wako wapi?

Jirani huyo alikuwa mkulima wa ngano wa Saskatchewan, amestaafu. Akacheka. Ana watoto wanne. Kila kiangazi huwapitia mmoja baada ya mwingine, anaegesha trela uani kwa mtoto, anakaa wiki mbili, anaondoka kabla hajachokwa. "Nikiwa na nyumba walikuwa wanakuja Krismasi wanaangalia simu," alisema. "Sasa mimi ndiye mgeni, na mgeni hupikiwa." Mama alitafsiriwa hayo, akanyamaza kidogo, akasema huyo mzee ana akili ya Kidigo.

Kilichonishangaza mimi ni hesabu iliyo nyuma ya uhuru huo. Mkanada kwa kawaida huruhusiwa kukaa Marekani kama mgeni hadi miezi 6, na mkoa wake nao humtaka awe nyumbani miezi kadhaa kila mwaka la sivyo bima yake ya afya inaingia mashakani. Kwa hiyo mzee wa Saskatchewan ana daftari, na kila siku anayolala Marekani anaiandika. Wamarekani wana mzigo wao: mtu aliyeuza nyumba hana anwani, na bila anwani leseni ya udereva, bima ya gari na kupiga kura huwa vigumu. Ndiyo maana wengi pale ni "wakazi" wa Livingston, Texas. Huko ndiko makao makuu ya Escapees, chama cha watu wa magari-nyumba kilichoanzishwa mwaka 1978, ambacho hupokea barua za wanachama na kuwatumia popote walipo. Mtu anaweza kuwa mkazi wa Livingston kwa karatasi na kulala huko siku chache tu kwa mwaka.

2. Tangi la choo halina mkubwa wala mdogo

Kampuni iliyotukodisha ilitupa maelezo ya dakika kumi, na katika hizo, nane zilikuwa za malipo. Chuo chetu kikawa ni majirani.

Gari-nyumba lina matangi mawili ya uchafu, moja la choo na jingine la maji ya sinki na bafu. Mzee wa Saskatchewan alituita mimi na mume wangu, akachuchumaa kando ya gari kwa magoti yake yale yanayolia, akatuonyesha koki mbili. Ya choo isiachwe wazi hata siku moja. Ukiiacha wazi, maji yote yanatiririka, kigumu kinabaki, kinajirundika na kukauka, na siku ya kurudisha gari ndiyo utajua. Uifunge, ungoje tangi lifike theluthi mbili, ndipo uende kituo cha kumwagia ufungue kwa mkupuo, lishuke kwa kishindo. Kwanza choo, kisha maji ya sabuni, ili yasuuze mpira. Akatuazima kiungio cha plastiki inayoonyesha ndani, cha kuunganisha kati ya gari na mpira. "Tazama hapa," alisema. "Rangi ikibadilika umemaliza."

Foleni ya kumwagia ilikuwa ndefu, injini zimezimwa, kila mtu na glavu zake. Mbele yetu alikuwa jaji mstaafu, nyuma yetu mwanamke aliyekuwa dereva wa malori. Nimehudhuria mikutano mingi ya usawa na ushirikishwaji kazini kwangu. Hakuna uliofika kiwango cha foleni ile.

3. Njoo na kiti chako

Saa kumi jioni viti vinatoka. Hakuna anayealika. Mmoja anabeba kiti chake kwapani, anakifungua kwenye uwazi kati ya magari, anakaa, na baada ya robo saa kuna duara. Mwenyeji hayupo, kwa hiyo hakuna anayewajibika kukupikia wala kukuvumilia. Ukichoka unakunja kiti unakwenda zako, na hakuna anayeuliza umeudhiwa na nini.

Sisi tuliolelewa na hodi, karibu, pita ndani, kaa ule, tulihitaji kuzoea. Pale watu hawaingii ndani ya gari la mtu. Nafasi ni chumba kimoja, kitanda kiko machoni pa mgeni. Ukiwa na shida unasimama mbali kidogo na ngazi na kuita. Mapazia yakiwa yameshushwa unarudi baadaye. Saa nne usiku jenereta zote zinazimwa, na kimya kinaendelea hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Mwanzoni niliona ni ubaridi wa Kizungu. Kufikia mwisho nilikuwa nawaza shemeji zangu na namna wanavyoingia jikoni kwangu, nikaona duara la viti si wazo baya hata kidogo.

4. Maji ya kuhesabu yanafundisha haraka kuliko mama anayefoka

Tangi la maji safi likikauka, unawasha gari kwenda kujaza. Watoto wangu wanaooga dakika ishirini Phoenix walijifunza katika siku mbili kujimwagia, kufunga bomba, kujisugua, kufungua tena. Mama alitaka kopo tu. Alioga kwa maji machache kutuzidi wote, na alihakikisha tunajua.

5. Watoto ni adimu, na adimu hutunzwa

Kwenye kambi nyingi za binafsi za ukanda ule tusingepokelewa, au tungepewa siku chache tu za "kutembelea". Sheria ya shirikisho inakataza kumnyima mtu makazi kwa sababu ana watoto, lakini ina mlango wa wazee: chini ya sheria ya mwaka 1995, eneo linaweza kujitangaza la wazee iwapo angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu wa miaka 55 au zaidi. La Posa ni ardhi ya umma, haina kikomo cha umri. Nilijiandaa kwa malalamiko ya kelele. Yalikuja maombi ya kuazimwa watoto.

Mzee mmoja alikuwa na msumeno wa kukatia mawe. Quartzsite ni mji wa mawe. Tangu miaka ya 1960 watu hukusanyika huko majira ya baridi kuuza na kubadilishana vito na madini, na Januari mji hufurika kwa maonyesho. Mwanangu alimpelekea jiwe aliloliokota korongoni, bovu kwa sura, la rangi ya udongo, lenye chunjua. Mzee akamvisha miwani, akalibana jiwe kwenye koleo, akafungulia maji yadondoke kwenye diski. Msumeno ulilia kwa dakika kadhaa, tope jeupe likawarukia aproni. Kipande kilipodondoka akakisuuza na kumwekea kiganjani. Ndani kulikuwa na mistari ya kijivu, nyeupe na wekundu wa kutu, ikizungukana hadi kwenye kitundu cha katikati chenye fuwele. Likikauka linafifia, akamwambia, ndiyo maana wauzaji huyaweka majini.

Baada ya hapo mtoto alikuwa anaamka kabla yetu. Mama alikuwa amewaagiza wajukuu waamkie kila mzee shikamoo, Mzungu asiwe Mzungu, na yule fundi wa mawe akafundishwa kuitikia marahaba. Aliipenda mno akawa anamwitikia hata mbwa wake.

6. Sema usichokula mapema

Jumamosi kila mtu alileta sufuria yake kwenye meza ya pamoja. Mama alipika pilau la nyama, iliki na mdalasini vikaita watu toka mbali. Tatizo likawa vyakula vya wenzetu: maharage yalikuwa na nyama ya nguruwe, saladi ya viazi ilikuwa na nyama ya nguruwe, hata maharage mabichi yalikuwa nayo. Tulikula pilau letu na mikate. Hatukusema kitu, binti yangu ndiye aliyesema, kwa sababu watoto husema.

Meza iliyofuata ilikuwa na vikadi mbele ya kila sufuria, mwandiko wa muuguzi mstaafu kutoka Minnesota: hiki kina nguruwe, hiki hakina, hiki kimepikwa kwa sufuria mpya. Hakuna aliyetoa hotuba kuhusu vikadi hivyo. Baadaye mwenye kisukari akaomba vikadi vya sukari, na mwenye mzio wa karanga naye akaongeza vyake.

7. Hata jangwani Mwislamu alishatangulia

Kwenye makaburi ya Quartzsite kuna piramidi ya mawe, na juu yake ngamia wa shaba. Chini yake kalala Haji Ali, ambaye Wamarekani walimwita Hi Jolly. Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilileta ngamia kwa meli hadi Texas, kwa wazo lililoungwa mkono na waziri wa vita, Jefferson Davis, kwamba wangebeba mizigo jangwani vizuri kuliko nyumbu. Haji Ali, mzaliwa wa dola ya Uthmaniya, aliletwa kama mmoja wa wachungaji wa ngamia hao. Ngamia walifanya kazi vizuri, ila waliwatisha farasi na nyumbu, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja na mradi ukafa. Yeye alibaki Arizona, akabeba mizigo, akatafuta madini, akafa mwaka 1902. Piramidi ilijengwa mwaka 1935.

Nilimweleza Mama kwamba suala la Uislamu wa mtu huyo si jepesi hivyo. Alichukua uraia kwa jina la Philip Tedro. "Haji ni haji," alisema, akanyanyua mikono akamsomea Fatiha. Mzee wa Saskatchewan, aliyetupeleka, alivua kofia akangoja amalize.

8. Si wote waliochagua

Ningeishia hapo juu mngeona kila mzee pale yuko mapumzikoni. Mbali na mabasi ya bei ya nyumba kuna vibasi vikuukuu vyenye kadibodi madirishani, na ndani yake watu ambao pensheni ya serikali haiwatoshi kulipa kodi ya chumba Phoenix wala Los Angeles. Hao ndio walioandikwa na Jessica Bruder katika *Nomadland*, kitabu cha mwaka 2017 kilichotengenezewa filamu, sehemu yake ikipigwa hapohapo Quartzsite. Msimu ukiisha hawaendi kwa watoto. Wanakwenda kusafisha vyoo vya kambi za milimani au kupanga mizigo kwenye maghala, wakiwa na miaka 70.

Kwenye duara la viti huwezi kuwatofautisha kwa urahisi, na nadhani hiyo ni nusu ya sababu ya duara kuwepo. Muuguzi wa Minnesota ndiye aliyenionyesha jinsi watu wa pale wanavyojiandaa kwa siku mbaya. Kwenye friji yake amebandika karatasi yenye dawa zake, namba za watoto na jina la jirani mwenye ufunguo, na amewashawishi wote wa upande wetu wafanye hivyo, kwa sababu hospitali ya karibu iko Parker, zaidi ya nusu saa kwa gari. Nilimuuliza atafanya nini siku asipoweza kuendesha. Akanitajia Livingston tena: chama cha Escapees kina kituo pale ambako mgonjwa anaegesha gari lake, analala humo humo, na mchana anapata chakula na uangalizi. "Lakini nafasi si nyingi," alisema, akarudi kwenye fumbo lake la maneno.

9. Mwenye umri ndiye mwenye gari

Huyohuyo muuguzi ndiye aliyempa Mama silaha. Raia au mkazi wa kudumu wa Marekani aliyefika miaka 62 hununua pasi ya hifadhi za taifa kwa dola 80 mara moja, ya maisha, na penye kutozwa kwa gari inawaingiza wote walio ndani ya gari hilo. Grand Canyon peke yake ni dola 35 kwa gari. Mama ana kadi ya kijani na miaka 68.

Pasi ilifika Januari. Anaiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho chake cha Tanzania, na hamwazimi mtu. Machi tunakwenda hifadhi ya taifa ya Saguaro, Tucson, ameshaamua. Mume wangu alijaribu kusema wikiendi hiyo ana mpira, akaambiwa anaweza kubaki, au aje na gari lake alipe.