Kompyuta ya Mwanafunzi wa Afya: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kulipa

Mzazi wa kata ya Kambarage, mjini Shinyanga, anayempeleka mtoto katika chuo cha afya hukabiliwa na gharama ambayo wazazi wake hawakuijua: kompyuta mpakato. Aghalabu fedha hiyo hutokana na pamba, na ng'ombe aliyeuzwa mnadani, au na duara la dhahabu upande wa Geita. Ni fedha isiyopatikana mara mbili. Kwa hiyo inafaa mwanafunzi ajue anachonunua. Na mgonjwa pia, kama itakavyoonekana, ana haki ya kuuliza.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwanafunzi wa uuguzi, utabibu au maabara husoma vitabu, huandika ripoti, hufuatilia mihadhara kwa video na baadaye huchambua takwimu za utafiti wake. Takwimu za MTUHA siku hizi huingizwa katika mfumo wa DHIS2, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, nao hufunguliwa kwa kivinjari cha kawaida. Programu za uchambuzi kama R na jamovi hupatikana bure, na mahojiano ya watu mia tatu hayazielemei. Hakuna hapa kazi inayodai mashine ya bei kubwa. Kishikwambi kinafaa kusomea na kukusanyia majibu vijijini, bali kuandikia tasnifu ni adhabu.

Yapo mambo mawili yasiyofaa kubaniwa. La kwanza ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM: isipungue gigabaiti 8. La pili ni aina ya diski. Diski ya kale ina sahani inayozunguka na kichwa kinachoisoma, hivyo mtikiso wa pikipiki katika barabara ya vumbi unaweza kuiharibu. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na husoma kwa kasi zaidi. Kompyuta ya miaka michache iliyopita yenye SSD huishinda mpya yenye diski ya kale, hata kama muuzaji anasifia wembamba na rangi ya ile mpya.

Wengi watanunua iliyokwishatumika, na si kosa. Lakini tangu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft imesitisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine nyingi za zamani. Kwa prosesa za Intel Core zilizozoeleka madukani, tazama tarakimu zinazofuata kistari: i5-7200U ni ya kizazi cha 7, nayo haikubaliki, i5-8250U ni ya kizazi cha 8, inakubaliwa. Bei za mashine hizi mbili zaweza kukaribiana, na kwa macho hazitofautiani.

Betri nayo huficha umri wake. Ukiwa bado dukani, fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotokea. Linganisha uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo uliobaki inapojaa. Ukiwa umebaki chini ya nusu, hesabu bei ya betri nyingine katika mapatano. Umeme unapokatika usiku wa kuamkia mtihani, tofauti hiyo itajulikana.

Sasa tumgeukie mgonjwa. Mwanafunzi anayetafiti kifua kikuu au silikosisi miongoni mwa wachimbaji wadogo hurudi bwenini na majina, umri, mahali pa kazi, pengine na majibu ya VVU. Kompyuta hiyo ikiibwa stendi, kilichopotea si mashine tu. Mchimbaji ambaye maradhi yake yamejulikana kambini anaweza kukosa kazi, na mkewe akajua jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa tayari kulisema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inataka zilindwe.

Nenosiri la kufungulia Windows peke yake halitoshi, kwa sababu mtu aweza kuing'oa diski na kuisoma kwenye kompyuta nyingine. Kinachohitajika ni usimbaji wa diski nzima. Toleo la Windows liitwalo Pro lina BitLocker. Kwa toleo la Home lisilo na huduma hiyo, VeraCrypt ni programu ya bure. Ufunguo wa kurejesha uandikwe na kuhifadhiwa mbali na kompyuta, maana ukipotea, hata mwenye mali hataingia. Majina yatenganishwe na majibu kwa namba za siri, na nakala ya pili iwe mahali pengine, nayo imesimbwa. Fleshi inayopita kila mashine ya duka la kuchapishia si mahali pa kuhifadhia siri za watu.

Kwa hiyo mgonjwa anapoombwa kushiriki utafiti, iwe zahanati ya kijijini au hospitali ya rufaa, ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini: majibu yangu yatakaa wapi, nani atayafungua, yatafutwa lini? Na mwanafunzi anapaswa kuwa na majibu hayo kabla hajafungua dodoso.