Kasha la Kompyuta la Akriliki: Fikiria Athi na Hewa Kabla ya Urembo

Kompyuta kuukuu ya ofisini inaweza kuwa nzima ndani ilhali bati lake limebonyea na kushika kutu. Ukiwa Kabianga na unataka kuiundia kasha jipya, akriliki itakufaa. Ni ile plastiki angavu ya mafundi wa mabango. Kabla ya kununua bamba zima la futi 4 kwa 8, waulize mafundi hao mjini Kericho kama wana vipande vilivyosalia. Sakafu na upande unaobeba ubao mama viwe vya milimita 5. Kwingine 3 zinatosha.

Ubao wa micro-ATX una milimita 244 kila upande, lakini mashine za ofisini mara nyingi zina ubao wa umbo maalumu la kampuni iliyozitengeneza. Basi chora matundu kwa kuufuata ubao ulio nao mkononi, kisha uunde kasha zima la katoni kwanza. Katoni ikikosewa haina hasara.

Usibandue karatasi ya juu ya akriliki mpaka mwisho. Bana rula ya chuma, pitisha kisu cha kukwaruzia mara nyingi kwenye mstari uleule hadi mfereji ufike kama theluthi ya unene, weka mstari ukingoni mwa meza, kisha kandamiza chini kwa mkupuo mmoja. Ukitumia msumeno, uwe wa meno madogo na uende polepole, maana joto huyeyusha plastiki ikaganda nyuma ya meno. Kutoboa ndiko kunakovunja wengi moyo: anza na keekee nyembamba, weka kibao chini, usisukume, na usitoboe karibu na ukingo. Gundi ya akriliki huunganisha kwa kuyeyusha plastiki, na mvuke wake ni hatari, kwa hiyo fungua madirisha. Mimi napendelea vyuma vya pembe na skrubu, kwa sababu kasha la skrubu hufunguka siku ya matengenezo.

Sasa athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, jambo linalosahaulika zaidi. Kasha la bati huunganishwa na athi kupitia pawa saplai. Akriliki haipitishi umeme, hivyo kinga hiyo haipo. Pawa saplai ibaki ndani ya sanduku lake la chuma, wala usilifungue, kwani kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Tumia waya wa plagi ya pini tatu kwenye soketi yenye athi ya kweli. Radi ikianza kunguruma juu ya mashamba ya chai, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Kisha hewa. Feni ya milimita 120 ina matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 105. Moja ivute hewa mbele chini, nyingine iitoe nyuma juu. Funika ya mbele kwa wavu wa mbu wa dirishani, kwani kiangazi cha Januari na Februari vumbi la maramu huingia kila mahali, na akriliki ikisuguliwa kavu huvuta vumbi zaidi. Ifute kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni kidogo, kompyuta ikiwa imechomolewa. Spiriti huiachia nyufa ndogondogo zisizofutika.