Ukuta wa Moto au Bawabu? Istilahi na Kanuni za Kulinda Ruta ya Nyumbani: Mfano wa Maua

Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma kwamba tarakilishi yake inalindwa na "ukuta wa moto" ana haki ya kushangaa. Kihusishi -a kinapofuata nomino ukuta, aghalabu hutaja kilichojengewa: ukuta wa mawe, ukuta wa matope, ukuta wa mabati. Kwa kipimo hicho, ukuta wa moto ni ukuta uliotengenezwa kwa moto. Neno la Kiingereza "firewall" halina maana hiyo. Asili yake ni katika uashi: ukuta mzito unaotenga majengo mawili yaliyopakana ili moja likishika moto, la pili lisalimike. Aliyepata kuona jinsi moto unavyoruka kutoka kibanda hadi kibanda katika soko la Gikomba, Nairobi, ambalo limeteketea mara nyingi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Huenda mtetezi wa tafsiri hiyo akataja dawa ya mbu, ambayo haikutengenezwa kwa mbu bali huwaua. Hoja hiyo ina uzito, lakini maana ya ukinzani hapo inatokana na nomino dawa yenyewe. Ukuta hauna maana hiyo ndani yake. Ngome nayo inavutia kwa sikio, ila humpeleka msomaji kwenye Ngome ya Yesu, Mombasa: kuta nene, mizinga, na adui aliye nje tu. Kingamoto linafaa zaidi, kwa kuwa limeundwa kama kingamimba, na litatumiwa katika makala haya. Hata hivyo, istilahi nzuri hutaja kitu tu. Haielezi jinsi kinavyofanya kazi. Kwa kazi hiyo ya pili, taswira inayofaa ni ya bawabu.

Chukua mfano wa boma moja mjini Maua, kwenye miteremko ya Nyambene, Kaunti ya Meru. Wenyewe wameunda ruta kutokana na tarakilishi kuukuu yenye kadi mbili za mtandao, wakaipakia Linux. Kadi ya kwanza inaelekea kwa mtoa huduma wa intaneti, ya pili inaelekea nyumbani. Ndani mna simu zinazotumiwa kwa fedha, tarakilishi ya mwanafunzi wa chuo, na kamera inayochunga ghala la miraa. Kamera hiyo si kitu kidogo. Mwaka wa 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila walizotoka nazo kiwandani, kisha ikazitumia kushambulia mitandao ya watu wengine. Mwenye kamera hakujua kwamba amegeuzwa askari wa vita asivyovijua.

Data husafiri katika mafungu madogo, na kila fungu lina anwani ya litokako na ya liendako, mithili ya bunda la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba na kuandikiwa mwenyewe. Kingamoto cha kawaida husoma maandishi ya juu, hakifungui bunda. Husoma pia namba ya mlango: 53 kwa kuulizia majina ya tovuti, 443 kwa kurasa zilizofichwa kwa msimbo, 22 kwa kuiongoza mashine ukiwa mbali. Wapo wanaouita mlango huo "bandari". Wamechanganya maana mbili za neno moja la Kiingereza. Meli haitii nanga hapa.

Bawabu ana orodha ya kanuni. Huisoma kutoka juu kwenda chini, na kanuni ya kwanza inayolingana na fungu ndiyo inayoamua. Zilizo chini yake hazisomwi tena. Fungu lisilotajwa popote huangukia msimamo wa msingi, ambao sharti uwe kukataa. Kwa boma hili, kanuni ya kwanza huruhusu majibu ya mazungumzo yaliyokwisha kuanzishwa kutoka ndani. Ya pili humruhusu aliye nyumbani kuuliza majina na kuomba anwani kwa ruta. Ya tatu hufungua mlango wa 22 kwa upande wa nyumbani pekee. Ya nne huwaacha wa nyumbani watoke.

Hapo ndipo mpangilio unapowaponza wengi. Tuseme kamera ina anwani 192.168.1.50 na mwenyewe anataka isitoke nje kabisa. Akiandika katazo hilo chini ya kanuni ya nne, halitafanya kazi kamwe, kwa sababu kamera ni ya nyumbani na imekwisha kuruhusiwa. Katazo mahususi hutangulia ruhusa ya jumla. Na hata likiwekwa hapo juu ya kanuni ya nne, mazungumzo ambayo kamera ilikuwa imeyaanza yataendelea, kwani kanuni ya kwanza inayatambua. Ni lazima kumbukumbu ya mazungumzo ifutwe au kamera izimwe na kuwashwa. Vilevile, anayeweka msimamo wa kukataa akiwa ameiingia ruta kupitia mtandao, kabla ya kuandika ruhusa yake, hujifungia nje. Kazi hiyo ifanywe kwa kibodi iliyochomekwa kwenye mashine yenyewe.

Kutupa na kukataa navyo si kitu kimoja. Bawabu anayetupa fungu hunyamaza, na aliyebisha hubaki akingoja. Anayekataa hujibu kwamba hakuna njia. Kwa wageni wa nje kimya kinatosha. Kwa wa nyumbani, jibu ni uungwana, maana programu yao haitakwama dakika nzima bila sababu.

Wengi huamini kwamba ruta ikiwafunika wote kwa anwani moja, ulinzi umekamilika. Ufunikaji huo uliletwa na uhaba wa anwani, si na haja ya ulinzi. Katika IPv6 anwani si haba, na kamera huweza kupata yake inayofikika kutoka popote. Programu ya iptables, iliyoingia katika Linux 2.4 mwaka wa 2001, hushughulikia IPv4 pekee. IPv6 ina orodha yake mbali, na asiyeiandika ameacha lango la nyuma wazi. Programu ya nftables, iliyoanza kupatikana mwaka wa 2014, huruhusu orodha moja itawale zote mbili.

Majaribio hufanywa kutoka nje. Simu inayotumia Wi-Fi ya boma hilohilo haithibitishi lolote. Izimiwe Wi-Fi, itumie data ya mtandao wa simu, kisha ibishe mlango wa 22, kwa anwani ya IPv4 na kwa ya IPv6 pia.